Betri ya Moyo: Ijirekebishe Yenyewe au Irekebishwe kwa Mkono?

Mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji akiwa na pesimeka, ile ambayo wengi huiita betri ya moyo, mipangilio anayoondoka nayo ni ya muda tu. Kwa kawaida umeme huachwa kwenye volti 3.5 kwa milisekunde 0.4 kila pigo. Ncha ya waya imechokoza nyama ya moyo, mahali pale pamevimba, na kwa wiki chache za mwanzo moyo huhitaji msukumo mkubwa zaidi ndipo uitike. Ikifika miezi mitatu uvimbe umetulia, na umeme unafaa kushushwa. Hapo njia mbili zinaachana: kuna kifaa kinachojipima na kujishusha chenyewe, na kuna kinachongoja mtu aliye na mashine ya kukisoma na kukipanga.

Ukiwasikiliza wauzaji utadhani kiwanda kilishalimaliza swali hili. Hakijalimaliza. Kifaa kinachojirekebisha hakimshindi mtaalamu makini. Kinamshinda mtaalamu ambaye mgonjwa hamfikii. Kwa hiyo mwalimu wa Milimani, Kisumu, anayehudhuria kliniki kila miezi sita, na mvuvi wa Mbita anayekuja akipata nauli, hawafai kupangiwa mambo sawa hata kama vifaa vyao vilitoka katoni moja. Tena uamuzi haufanywi mara moja kwa kifaa kizima. Volti, usikivu, kasi, mwanya kati ya vyumba vya moyo: kila kimoja kinaweza kuachwa kijirekebishe au kufungwa kwenye namba, na mara nyingi jibu zuri ni mchanganyiko.

Volti: mahali betri inapoliwa

Kila moyo una kiwango cha chini cha umeme kinachoufanya upige. Tukiite kizingiti. Chini ya hapo kifaa kinatoa umeme lakini moyo hausogei. Kanuni ya kazi ya mkono ni fupi: pima kizingiti, zidisha kwa mbili. Kizingiti kikiwa volti 0.75, mara mbili yake ni 1.5. Hata hivyo wengi hawashuki chini ya 2.0, na kwa mgonjwa ambaye moyo wake haupigi kabisa bila kifaa huacha 2.5, kwa sababu kwake kosa moja linatosha kumwangusha.

Kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Kichwa cha mashine huwekwa juu ya ngozi pale kifaa kilipo, chini ya mtulinga, na waya za ECG, mashine inayochora mapigo ya moyo, hubandikwa. Kabla ya kugusa chochote, mipangilio iliyopo huchapishwa. Anayeruka hatua hii hana pa kurudi akikosea. Kisha husomwa hali ya betri na ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita. Ohmu 300 hadi 1,000 au zaidi kidogo ni kawaida kwa waya nyingi. Ukishuka chini ya 200, gamba la waya huenda limechanika. Ukipanda ghafla kupita 2,000, waya umekatika au skrubu yake kwenye kifaa imelegea. Baada ya hapo kasi ya kifaa huinuliwa mapigo kama 10 juu ya mapigo ya mgonjwa mwenyewe ili kifaa kishike usukani, halafu volti hushushwa 0.25 kwa 0.25, mapigo machache kila ngazi, macho yakiwa kwenye ECG. Utaona mstari mwembamba wa umeme ukifuatwa na wimbi pana la moyo, mstari na wimbi, mstari na wimbi, kisha mstari peke yake. Hapo kidole huachia kitufe, na volti ya awali hurudi papo hapo. Kizingiti ni ngazi ya mwisho ambayo wimbi lilionekana, si ile ambayo lilipotea. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kila siku kwa anayejifunza, na humwachia mgonjwa akiba ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye faili.

Kifaa kinachojipima hufanya jambo lilelile bila macho ya mtu. Kuna familia mbili. Ya kwanza hupima mara moja kwa siku, mara nyingi usiku wa manane mgonjwa akiwa amelala, kisha hujiwekea volti yenye akiba kama ile ya mkono. Ya pili huangalia kila pigo: hutoa umeme ulio juu ya kizingiti kidogo tu, robo au nusu volti, na moyo usipoitika hufyatua pigo la akiba lenye nguvu kabla mgonjwa hajahisi chochote. Aina nyingi haziruhusu volti ishuke katika miezi ya mwanzo hata kizingiti kikiwa chini. Hilo ni jambo jema.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Nguvu ya pigo hufuata mraba wa volti. Kwa waya wa ohmu 500 na milisekunde 0.4, pigo la volti 3.5 hutumia takriban mikrojuli 9.8, la volti 2.0 hutumia 3.2, la volti 1.0 hutumia 0.8. Moyo ukipigwa mara 60 kwa dakika, hayo ni mapigo 86,400 kwa siku. Zaidi ya hayo, betri ya lithiamu na iodini ikiwa mpya hutoa kama volti 2.8, hivyo kutoa 3.5 hulazimu sakiti ya kuzidisha volti, nayo hunywa zaidi. Kutoka 3.5 kwenda 2.0 kwa hiyo ni ushindi mkubwa. Kutoka 2.0 kwenda 1.0 ni ushindi mdogo kuliko namba zinavyoonyesha, kwa kuwa kifaa kinakula umeme wake chenyewe wa kufikiria na kusikiliza hata kisipopiga pigo moja. Ndiyo maana mgonjwa aliyeshushwa hadi 2.0 kwa mkono mwezi wa tatu hatapata miaka mingi zaidi akibadilishiwa mtindo wa kujirekebisha. Anayeumia ni yule aliyebaki kwenye 3.5 kwa sababu hakurudi kliniki, au alirudi akakuta mashine haipo. Kwake, kujirekebisha kungemwahirishia upasuaji mwingine kwa muda wa maana.

Lakini nako kujirekebisha kuna namna ya kuharibikiwa kimyakimya. Ili kifaa kijue kama moyo umeitika, lazima kitofautishe mwitiko wa moyo na mabaki ya umeme wake kwenye ncha ya waya. Waya wa zamani, uliobaki kifuani kifaa kilipobadilishwa, mara nyingine huacha mabaki mengi. Kifaa hakina hakika, na kwa usalama hukimbilia volti 5. Mgonjwa hahisi kitu. Hupumua vizuri, hulima, na betri inakwisha. Hali hiyohiyo hutokea mapigo ya mgonjwa mwenyewe yanapogongana na ya kifaa wakati wa kipimo, au moyo ukiwa mbio usiku kila kipimo kinapojaribu kuanza. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kliniki usitazame tu kama kujirekebisha kumewashwa. Tazama grafu ya vizingiti vya miezi iliyopita. Ikiwa na mapengo mengi, zima, pima kwa mkono, funga namba.

Na kuna jambo ambalo kipimo cha mara moja kwa siku hakiliwahi: potasiamu, madini yaliyo kwenye damu. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, au anayemeza dawa za enalapril na spironolaktoni pamoja bila kupimwa damu, anaweza kupandisha potasiamu hadi kizingiti kikavuka volti iliyowekwa saa chache zilizopita. Kwa mtu kama huyo, akiba pana iliyofungwa kwa mkono ni salama kuliko ubahili wa betri. Kama ni lazima kijirekebishe, kiwe cha aina inayoangalia kila pigo.

Usikivu

Usikivu ni ukubwa wa chini wa mawimbi ya moyo ambao kifaa hukubali kuuhesabu kuwa pigo. Namba yake huwapinda wengi kichwa, maana ikishuka ndipo kifaa kinasikia zaidi. Fikiria ukuta wa ua: ukiwa mfupi unamwona kila apitaye barabarani, ukiwa mrefu unamwona twiga peke yake. Pigo la chumba cha chini cha moyo likiwa milivolti 10, kufunga usikivu kwenye 2.0 au 2.5 kunatosha sana. Chumba cha juu kina sauti ndogo, na huko 0.5 ni kawaida.

Mtindo wa kujirekebisha huinua ukuta mara baada ya pigo, kisha huushusha polepole hadi pigo lijalo. Kwa chumba cha juu tunaupenda, kwa sababu mapigo ya kule hubadilika ukubwa, hasa yakianza kwenda ovyo. Kwa chumba cha chini cha mgonjwa anayetegemea kifaa kabisa, hatuupendi. Moyo usipopiga, ukuta unazidi kushuka, ukishashuka, kelele ya msuli wa kifua au waya uliochanika hupita na kuhesabiwa kuwa pigo, kifaa kinanyamaza kikidhani moyo unafanya kazi, mtu anaanguka. Hapo namba iliyofungwa ni bora, na ijaribiwe palepale kitandani: mgonjwa ashikanishe viganja mbele ya kifua na kusukumana kwa nguvu, au avute mkono wa upande wa kifaa huku mwingine ukiuzuia, ECG ikitazamwa.

Njia zote mbili hazimkingi mtu na mashine ya kuchomelea vyuma. Fundi wa jua kali aliyewekewa pesimeka akae angalau sentimita 60 kutoka kwenye cheche na nyaya zake, asizungushie waya begani, na amuulize daktari kabla ya kurudi kazini. Simu ikae sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, ambayo ni kusema si kwenye mfuko wa shati wa upande huo.

Kasi ya shambani na juu ya boda boda

Moyo ambao haupandishi mapigo mwenyewe huhitaji kifaa kihisi kwamba mtu anafanya kazi. Vifaa vingi hutumia kihisi cha mtikisiko. Kingine hupima pumzi kwa mabadiliko ya ukinzani kifuani. Cha mtikisiko kina vituko vyake: mgonjwa aliyeketi kimya nyuma ya boda boda kwenye barabara ya murram hupata mapigo ya mtu anayetembea haraka, na akishuka ngazi hupata kasi kuliko akizipanda, ilhali kupanda ndiko kunakomchosha. Mwendesha baiskeli, kifua kikiwa kimetulia, huenda akakosa kasi anayoihitaji mlimani. Mwenye jembe mkononi huhudumiwa vizuri, kwa kuwa mwili mzima unatikisika.

Kwa mkono, kazi hii hufanyika kwenye korido. Mgonjwa hutembea mwendo wake wa kawaida dakika tatu, na kifaa husomwa. Tukilenga mapigo kati ya 80 na 95 kwa mwendo huo, kisha kikatoa 70, mwinuko, yaani ukali wa kifaa kupandisha mapigo mtu akisogea, huongezwa ngazi moja na mgonjwa hutembea tena. Kikitoa 115, hupunguzwa. Ni kazi ya robo saa, na kwenye kliniki yenye foleni ndiyo inayorukwa kwanza.

Kifaa kinachojirekebisha hutazama jumla ya mapigo ya siku nyingi na kuisogeza taratibu kuelekea mfano uliowekwa kiwandani. Shida ni kwamba mfano huo haumjui mzee wako. Mzee wa miaka 80 anayeshinda chini ya mwembe hatembei vya kutosha kuujaza, kwa hiyo kifaa huongeza ukali wiki hadi wiki, na siku moja safari ya kwenda chooni inampa mapigo 110. Akiwa na mishipa ya moyo iliyoziba, kifua kinambana. Kwa wazee na kwa wenye maumivu ya kifua, funga kwa mkono na weka kikomo cha juu kama 110. Kwa kijana aliyepata tatizo la moyo baada ya upasuaji wa vali, ambaye leo yuko shuleni na likizo yuko kwenye mpunga wa Ahero, kujirekebisha kunafaa zaidi.

Mwanya kati ya chumba cha juu na cha chini

Mwanya ni muda ambao kifaa hungoja baada ya pigo la chumba cha juu kabla ya kupiga cha chini. Hapa kuchagua vibaya kunadhuru moyo wenyewe. Kupigwa umeme chumba cha chini mara nyingi isivyo lazima huudhoofisha moyo. Katika uchambuzi wa utafiti wa Marekani ulioitwa MOST, uliotolewa mwaka 2003, wagonjwa wenye ugonjwa wa chanzo cha mapigo waliopigwa umeme chumba cha chini zaidi ya asilimia 40 ya wakati walilazwa zaidi kwa moyo kushindwa. Kwa watu wa aina hiyo, ambao njia ya umeme kati ya vyumba bado ni nzima, kifaa kinachorefusha mwanya chenyewe ili kuona kama moyo utapitisha pigo lake kina faida kubwa, na ni vigumu mtu kuiga hilo kwa namba moja iliyofungwa.

Kwa aliyekatika kabisa njia hiyo ya umeme, zima. Kurefusha hakutapata kitu, na mitindo mingine huacha pigo moja lipotee kabla ya kusaidia. Mgonjwa huja akilalamika kwamba moyo unaruka na kichwa kinazunguka. Mfungie milisekunde 150 baada ya pigo lake mwenyewe la juu na 180 baada ya pigo la kifaa, kama mahali pa kuanzia.

Kuhusu kubadili modi, yaani mtindo wa kazi wa kifaa, chumba cha juu kikianza kwenda mbio ovyo, hakuna cha kulinganisha: acha ijiendeshe, mkono hauwezi kufika kwa wakati. Ila ovyo hiyo ikiwa ya kudumu, mtu aibadilishe modi moja kwa moja.

Saa ya kifaa

Vifaa hivi vina saa ndani, na saa hiyo hufuata ya mashine iliyovipanga. Mashine iliyokuja na saa za mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa 8 majira yao ya baridi. Ukiwasha kasi ya usingizi ya mapigo 50 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mgonjwa wa Nakuru atapunguziwa mapigo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, akiwa kazini. Atasema asubuhi hana nguvu na jioni yuko sawa, na dawa zitabadilishwa bure. Kipimo cha saa saba usiku nacho kitafanyika saa tatu asubuhi mtu akikimbizana na matatu, na kitashindwa. Angalia saa kabla ya kuwasha chochote kinachojiendesha. Na mgonjwa akikuambia analala saa nne, kumbuka mashine inataka 22:00.

Kabla ya kuchagua

Mashine ya kiwanda kimoja haisomi kifaa cha kiwanda kingine. Swali la kwanza, kabla hata ya kifaa kununuliwa, ni hili: ni mashine ya kiwanda gani iko karibu, Eldoret, Kisumu au Nakuru, na ni nani anaitumia siku za kliniki? Kifaa cha bei nafuu kisicho na mashine karibu ni ghali. Vifaa vya msaada, vingine vikiwa vimewahi kutumika na kusafishwa upya, mara nyingi ni vya toleo la zamani lisilo na mengi ya kujirekebisha. Anayekubali hicho akubali pia safari za kliniki. Kadi yenye jina la kiwanda, modeli na namba ya kifaa ibebwe kila mahali. Ikipotea, picha ya eksirei ya kifua huonyesha alama ya kiwanda ndani ya kifaa.

Kujirekebisha hakufuti kliniki. Baada ya ziara ya wiki 2 hadi 12 tangu upasuaji, mgonjwa aonekane angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi betri ikikaribia mwisho, kwani kifaa hakiwezi kujibadilishia betri wala kujikaza skrubu.

Upasuaji mwingine ukija, hata wa henia au wa uzazi, timu iambiwe mapema. Kisu cha umeme hupiga kelele ambayo kifaa kinaweza kuihesabu kuwa mapigo, na kihisi cha pumzi kinaweza kudanganywa na mashine za ufuatiliaji kikakimbiza moyo hadi kikomo cha juu. Kwa anayetegemea kifaa, vipengele vya kujirekebisha kasi huzimwa na kifaa hupangwa kipige bila kusikiliza. Pasipo na mashine, sumaku juu ya kifaa hufanya kazi hiyo kwa vifaa vingi, ingawa vingine vimezimiwa mwitiko wa sumaku, jambo linaloonekana kwenye ile karatasi iliyochapishwa kliniki. Sumaku ikiondolewa, kifaa hurudi chenyewe kwenye mipangilio yake ya zamani. Kilichopangwa kwa mashine hakirudi mpaka mtu akirudishe, kwa hiyo mgonjwa asitolewe kwenye ECG ya wodini kabla hilo halijafanyika na karatasi mpya haijachapishwa.